Tundu la Sokomutu Nililopima kwa Ngumi

Shule nilikaa miaka miwili tu. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, na ufundi wa kujenga vilevile. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo muzungu wa serikali pale Kasongo alipotaka matundu ya kufugia wanyama nyuma ya nyumba yake, na kapita wake, msimamizi wa kazi, akaniita mimi, niliona ni haki yangu. Nilijenga shimo la mamba, tundu la chui, na tundu la sokomutu, yule nyani mkubwa asiye na mkia, anayekaa kama mzee aliyechoka. Nafasi kati ya fito za chuma niliipima kwa ngumi yangu. Ngumi isipopita, basi.

Siku ya Mungu, baada ya misa, watu waliruhusiwa kuingia kutazama. Nikapeleka watu wangu: mke wangu, mwanangu wa kiume aliyeanza kung'oka meno, na binti yangu aliyekuwa bado ananyonya. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Kabambare kutusalimia, akasema naye anakuja, na mtoto atambeba yeye.

 Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye. Kumgusa ndiyo mbaya kabisa. Wazee walituambia mtoto wa mtu aliyemgusa mkwe hafikishi mvua za mwaka ule. Niliamini. Mtoto mmoja nilikuwa nimeshamzika, na kiangazi kilikuwa katikati.

Tukaenda hivyo: mimi mbele, yeye nyuma kabisa, binti yangu mgongoni mwake. Nikigeuka tu, anavuta kitambaa cha kichwa kufunika uso. Mwanangu alikimbia kati yetu na maneno.

"Papa, bibi anauliza, iko mbali?"

"Mwambie tumefika."

Kwenye shimo la mamba watu walijaa. Mwanangu akachungulia.

"Papa, amekufa?"

"Analala."

"Mbona macho iko wazi?"

"Anangoja weye, bwana mudogo!" mtu mmoja akamtania. Palepale mamba akafunga mdomo kwa kishindo, mtoto akaanguka matako chini, mama yake akamrukia. Mimi nikacheka. "Ukuta ni wangu huo," niliwaambia watu, "hauanguki." Nikawaacha pale, nikaenda kutazama kazi yangu nyingine.

Njia ya kwenda kwa chui ilikuwa nyembamba, ikipita mbele ya tundu la sokomutu. Mkwe wangu, aliyekimbia msongamano wa watu kule kwa mamba, alikuwa amesimama hapo. Akaona miguu yangu inakuja. Akajifunika uso na kurudi nyuma ili anipishe, kama heshima inavyotaka, hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka mgongo wake, na binti yangu juu yake, ukagusa fito.

Mkono mrefu mweusi ukatoka. Ngumi ya sokomutu ni kubwa kuliko yangu, lakini nani alimwambia apitishe ngumi? Alinyoosha vidole tu, mkono ukapita kama samaki. Akashika mguu wa mtoto.

Mtoto akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia. Mkwe anavuta mbele, mnyama anavuta nyuma. Mke wangu yuko kule kwa mamba, ametugeuzia mgongo. Na mimi, hatua nne tu, nilisimama. Naandika kama ilivyokuwa: nilisimama. Nikimwacha, mguu unang'oka. Nikimgusa mama yule, mtoto hafikishi mvua.

"We mwanaume! Unangoja nini? Mutoto wako anakatwa muguu!"

Tangu nioe, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya mkwe wangu kwangu.

Nikamkumbatia kiuno kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikabandua vile vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa vya moto. Mguu ukatoka, lakini sokomutu akanyakua kitambaa cha mkwe. Akakaa chini, akajifunika nacho uso, akanichungulia kwa jicho moja, akajifunika tena.

"Oneni, naye iko na mukwe wake hapa!" watu wakapiga kelele, wakacheka mpaka machozi. Kati yetu hakuna aliyecheka. Mguuni mwa mtoto kulikuwa na alama nne za vidole, bila damu.

Jioni nilipeleka kuku mweupe wa kuondoa mwiko, kwa mkono wa mke wangu. Mkwe akampokea, akamwosha mtoto kwa maji ya majani, na hakurudi Kabambare; alibaki kungoja mvua pamoja nasi. Wiki zote zile niliamka kugusa paji la mtoto. Akikohoa, mimi chakula hakishuki.

Mvua ya kwanza ikashuka mchana. Binti yangu alikaa mlangoni, akitia kiganja kwenye matone ya paa. Mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa miti, karibu nami kabisa.

"Mwambie mume wako," akamwambia mke wangu kwa sauti kubwa, "mvua imefika. Na akaongeze zile fito."

"Mwambie mama," nikajibu, "niliziongeza kesho yake."

"Muulize, safari hii alipima kwa kitu gani?"

"Mwambie, kwa vidole vya mtoto."

 Kisha nikasikia anasonga bugali.