Mkutano Uliokosa Kahawa ya Orrin

Saa mbili asubuhi, gari la Marlys Ostby linasimama kando ya barabara ya changarawe, kaskazini mwa mji mdogo wa Haldal, jimboni Minnesota. Mahindi yamempita mtu kimo pande zote mbili. Anaingiza mkono katika sanduku la barua lililo juu ya nguzo, na vidole vinakutana na gazeti la jana na la juzi. Anayatoa, anayaunganisha na la leo, kisha anashuka na kuyapeleka hadi mlangoni kwa kaka yake.

"Kazi ya posta inaishia sandukuni," anasema. "Mlangoni naenda kama dada."

Marlys, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, amekuwa tarishi wa njia hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Tarishi wa muda mrefu huwajua watu kwa masanduku yao, na sanduku lililojaa si jambo la kupuuzwa.

Kaka yake, Orrin Haugdal, aliuza ng'ombe wake wa maziwa vuli iliyopita, bei ya maziwa iliposhindwa kulipia hata chakula chao. Zamani familia kumi na nne za Haldal zilikamua. Leo zimebaki mbili. Lori lilipoondoka na ng'ombe wale, Orrin aliacha kanisa, akaacha mji, na simu akawa anaijibu kwa neno moja moja.

Ndipo Marlys alipoazimia kuandaa mkutano. Alikuwa amemsikia redioni Janelle Roerig, mkulima aliyeuza ng'ombe wake mwenyewe na ambaye sasa huzunguka vijijini kuwatia moyo waliofikwa na yale yale. Mkutano ulitangazwa kwa ajili ya watu wote, lakini uliitishwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Alijitahidi kweli. Alitumia likizo yake kupanga viti katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri. Kwa kuwaonea huruma kina mama waliochoka kubeba masufuria, alikodi mkahawa wa mji wa jirani ulete chakula na kahawa. Katika tangazo aliandika: "Njooni mikono mitupu, mketi, msikilize."

Maneno hayo yalitoka katika upendo, na ndiyo yaliyouharibu mkutano.

Huku kwetu mtu haalikwi kwa tangazo. Hualikwa kwa kuambiwa alete nini. Huyu ana bakuli lake la viazi, yule ana mikate yake. Asiyeambiwa kitu huelewa kwamba hahitajiki, na adabu humzuia kujilazimisha. Naye Orrin, tangu mama yao afariki, ndiye aliyepika kahawa ya kila harusi na kila mazishi ya Haldal. Huponda yai zima pamoja na ganda lake, akalichanganya na kahawa iliyosagwa, akaitia katika maji yanayochemka. Mashapo huzama, na kahawa hubaki angavu. Hakuna aliyewahi kumwondolea kazi hiyo, hadi dada yake.

Jioni ile ya Aprili, kati ya viti mia moja na ishirini, waliofika hawakujaza safu mbili za nyuma. Janelle alizungumza hata hivyo, kwa utulivu, kana kwamba ukumbi umejaa.

"Ng'ombe walipanda lori," aliwaambia, "lakini saa ya kukamua haikupanda nao. Bado inaniamsha. Mwaka mzima nilikuwa nasimama zizini, sijui mikono yangu niifanyie nini."

Marlys alikuwa mlangoni, akitazama magari yanayopita bila kukata kona. Anasema maneno yale yalikuwa kama vazi lililopimwa mwilini mwa kaka yake, na mwenyewe hakuwepo kulivaa.

Aliyemfumbua macho ni Ardis Lindvig, jirani mwenye miaka themanini na minne, aliyekuja na keki yake bila kujali tangazo. Walikuwa wakikunja viti.

"Mwanangu, umetuandikia tukae nyumbani," alisema.

"Mama Ardis, niliwaandikia mpumzike."

"Basi tumepumzika. Si unaviona viti?"

Kesho yake Marlys alikwenda kwa Orrin. Kutoka mlangoni aliliona shati la kaka yake la kanisani likiwa limeangikwa nyuma ya kiti, limenyooshwa, halijavaliwa. Alimwuliza kwa nini hakufika.

"Nilisoma tangazo," Orrin alijibu. "Si ulisema kahawa ipo?"

"Nilitaka ukae usikilize, kaka."

"Nimekaa tangu vuli, Marlys. Kukaa nakujua."

Akarudi ndani. Majira ya kupanda yakaja na kupita, na Orrin hakuonekana mjini hata kununua misumari.

"Mgeni angekosea hivyo, ningemsamehe," anasema Marlys, huku akizifunga barua za nyumba inayofuata kwa mpira. "Mimi nimezaliwa hapa. Kaka yangu alikuwa amebakiwa na kazi moja ambayo watu bado wanamhitaji aifanye, na mimi nikawalipa wageni waifanye."

Ukarimu usiouliza unaweza kumvua mtu heshima yake. Hilo tulifundishwa utotoni, nasi hulisahau ukubwani.

Janelle amekubali kurudi mahindi yakishavunwa. Safari hii hakuna mkahawa wala tangazo. Marlys anapita nyumba kwa nyumba na kumwambia kila mmoja alete nini. Ardis amepangiwa maharage, naye amenung'unika kwamba kwa umri wake alitarajia cheo kikubwa zaidi.

Wiki iliyopita Marlys alimwomba Orrin apike kahawa. Hakuitika wala hakukataa. Kutoka nyuma ya mlango wa wavu aliuliza kama birika kubwa la kanisa bado lipo.

"Lipo."

"Lina kutu?"

"Sijalitazama, kaka."

"Basi litazame kwanza. Halafu tutaongea."

Marlys amelitazama; kutu imeanza chini, naye ameisugua. Tarehe ya mkutano bado hajamtajia mtu yeyote, hata Janelle.

"Siku ataitaja Orrin," anasema, akiwasha gari. "Asipoitaja, nitamwuliza tena."