Balbu ya Kabati la Slaidi

Shangazi yangu alifeli mtihani mmoja tu maishani mwake, na alifeli kwa kusema kweli. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea udaktari bingwa wa ngozi katika hospitali ile ya kufundishia. Mwalimu wake, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, alimweka mbele ya mgonjwa akamtaka aeleze anachokiona. Kitabu kilisema wekundu. Shangazi akatazama, akatazama tena.

"Sioni wekundu, Mwalimu. Naona weusi unaoelekea zambarau."

"Kitabuni pameandikwa nini?"

"Wekundu. Lakini aliyekiandika hakumwona mgonjwa huyu."

Akarudia mwaka.

Wenzake wakambandika jina la Daktari Chunusi, maana kwa mabingwa wa moyo na ubongo ngozi ni kitu cha kupaka mafuta tu. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Bibi yangu alimwuliza mbele ya wageni, "Mwanangu, nani atakuoa na wewe kutwa unashika ukurutu?" Shangazi akajibu, "Mwenye ukurutu, Mama." Wageni walicheka mpaka chai ikawapalia. Lakini hakuolewa, na najua lile swali lilimkaa moyoni.

Mshahara wake wa kwanza alinunulia kamera. Kliniki alipewa chumba cha mwisho kabisa, baada ya stoo ya vitanda vibovu, na uzuri wake ulikuwa mmoja tu, dirisha kubwa. Hakupenda kumpima mtu chini ya taa ya dari. Alimkalisha dirishani, akamshika kwa mkono mtupu, hata wale ambao ndugu zao walikuwa wamekwisha kuwatengea sahani na vikombe. Waliochelewa kuja, wakajifunika mikono mirefu kwenye joto, aliwagombeza: "Mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha aliwaomba ruhusa, akatandika kitambaa cha buluu kilichokatwa kwenye shuka la chumba cha upasuaji, akapiga picha.

Picha zenyewe zilikuwa slaidi, vipande vya filamu vidogo kama stempu, kila kimoja ndani ya fremu ya karatasi ngumu. Hazikuwa na nakala. Kwa miaka ishirini na sita alikusanya elfu tatu mia moja na arobaini. Zilikuwa ziwe kitabu cha magonjwa ya ngozi jinsi yanavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, ili mwanafunzi asifelishwe tena kwa kosa la kuwa na macho. Na kitabu hicho ndicho kingempa uprofesa. Mara tatu aliomba, mara tatu kamati ikamjibu kwamba hana kitabu. Wanaume aliowafundisha yeye kukata kipande cha ngozi cha kupimwa walipanda wakampita, mmoja wao kwa kijitabu cha kurasa arobaini ambacho kurasa kumi ni shukrani. Nikikumbuka damu inanichemka.

Mimi niliingia pale kama mpiga taipu wa idara. Kazini nilimwita Daktari, nyumbani Shangazi, na nikiteleza nikamwita Shangazi kazini, alijifanya kiziwi. Niliipiga taipu orodha ya slaidi zote. Trei ya tisa, safu ya tatu: ukoma wa mwanzo, bega la mama wa miaka thelathini, doa lililofifia, halina hisia. Niliijua orodha ile kama watu wanavyojua sala.

Slaidi zilikaa kwenye kabati la mbao ofisini kwake, na ndani ya kabati, chini kabisa, kulikuwa na balbu ndogo. Iliwaka mchana na usiku, mwaka hata mwaka, na mwanga wake ulionekana kwenye ufa wa mlango. Sikuwahi kuuliza ni ya nini. Wanafunzi aliwaeleza kila kitu, hata kwa nini sabuni hutoa povu. Mpiga taipu hakuna aliyemweleza chochote, na mpiga taipu naye alijiona anajua.

Hatimaye mchapishaji mmoja akakubali. Alitaka slaidi zote kabla ya mwaka kwisha, na kamati ikasema ikiuona mkataba wake haitakuwa na kipingamizi tena. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na tisa, na akifika sitini anastaafu. Wiki ile ile akateleza kwenye ngazi za wodi zilizokuwa zimetoka kupigwa deki, akavunjika nyonga. Alilazwa, kisha akauguzwa kwetu, jumla miezi minne. Aliniachia ufunguo wa ofisi. "Pangusa vumbi," aliniambia, "lakini slaidi zangu usiziguse."

Sikuzigusa. Mwezi wa kwanza tu, msimamizi mpya wa hospitali akabandika tangazo kila mlango: taa ikikutwa inawaka kwenye chumba kisicho na mtu, mwenye chumba ataandikiwa barua ya onyo, na barua itaingia kwenye faili lake. Nikalifikiria faili la Shangazi, lile ambalo kamati ingelifungua muda si mrefu. Nikafungua kabati, nikabonyeza swichi. Niliondoka nikijisifu kwamba nimemkinga. Nje mvua zilikuwa zimeanza, na mwaka ule zilinyesha bila huruma.

Alirudi kazini kwa mikongojo, siku ya jua, akiwa na furaha zake. Alimtania mfagiaji kwamba sasa ana miguu minne na mshahara ni ule ule. Akafungua kabati. Ikatoka harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Akachomoa slaidi moja, akaielekeza dirishani, akaitazama kwa lenzi yake. Akachomoa nyingine. Akavuta trei ya tisa.

"Njoo," aliniita, kwa sauti yake ya darasani. "Unaona hizi nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka pembeni? Kuvu. Imekula filamu. Nimeitibu kwenye vidole vya watu miaka yote hii, kumbe ilikuwa inaningoja kabatini."

"Haziwezi kusafishwa?"

"Iliyoliwa imeliwa."

Bega la yule mama halikuwapo tena. Tulitazama trei moja baada ya nyingine mpaka jua likahama dirishani, na slaidi zilizosalimika hazikujaa kiganja. Kisha akainama kwa maumivu, akaigusa balbu. Ilikuwa baridi. Akabonyeza swichi, ikawaka.

"Kumbe haijaungua," alisema polepole. "Hii ndiyo iliyokuwa ikikausha unyevu. Nani aliizima?"

Neno lilikuwa mdomoni, nilihitaji kulitema tu.

"Labda mafundi wa umeme, Shangazi."

Siku ile hakujifanya kiziwi. Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa, akafunga kabati. Nina haya mpaka leo. Na wanafunzi wa pale mpaka leo wanasoma wekundu.

Mchapishaji alijibu kwa mistari miwili kwamba kitabu cha picha bila picha hakichapishiki. Wiki iliyofuata Shangazi akaniita nichape barua ya kuondoa ombi lake kwa kamati. Alikaa dirishani, kwenye kiti cha wagonjwa, mguu ameunyoosha juu ya stuli, akanitajia neno moja moja.

"Nasikitika kuwaarifu kwamba vielelezo vyote vya kitabu vimeharibika, kwa uzembe..."

Nilijua ananitazama. Mimi niliitazama mashine, herufi zake, utepe wake, wino uliopauka. Alinisubiri muda mrefu kuliko alivyopata kumsubiri mwanafunzi wake mzito kuliko wote. Ningeweza kusema hata wakati ule.

"Kwa uzembe wangu," alimalizia.

Vidole vyangu vikagoma.

"Andika, mwanangu. Kwa uzembe wangu."

Nikaandika.