Jibu la Siku Moja Tororo

Mimi ni fundi wa nguo upande wa Kenya wa mji wa Busia, na wiki za kufungua shule huwa sitoki dukani hata kwa harusi. Sare hazijishoni zenyewe. Lakini Ochwo aliponipigia simu kutoka Kisoko, huko wilaya ya Tororo, akaniambia kwamba mjomba wangu Owori siku hizi anakaa kando, nilifunika cherehani mchana huo huo. Ochwo na mjomba wamekuwa marafiki tangu wachunge mbuzi pamoja. Nyumbani kwa Ochwo ndiko hukaa chungu cha malwa, pombe ya wimbi, na wazee hukizunguka jioni, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mjomba wangu kuwa mbali na chungu hicho kulinitisha kuliko kikohozi chake.

Kikohozi tulikuwa tumekizoea. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu, akameza vidonge vyote bila kuruka hata siku moja, maana ni mtu wa kushika neno. Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki, na mwili ukaendelea kumpungua. Wenzake hawakumfukuza. Walimpa kikombe chake na kiti chake pembeni, na mrija wake ukaning'inizwa ukutani kwa Ochwo, kwa sababu mirija yote huingia chungu kimoja na kila mzee ana wajukuu nyumbani. Sikuwalaumu. Iliniuma tu.

Asubuhi iliyofuata nilivuka mpaka na mkoba mmoja, ndani mna nguo za kubadilisha, khanga, sindano, uzi na mkasi. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yake, na madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu. Afisa dirishani aliniuliza ninakwenda kununua nini Uganda. Nikamwambia ninakwenda kumwona mjomba.

"Mjomba halipiwi ushuru," akasema, akagonga muhuri. "Pita, mama."

Barabara ya Tororo niliikata kwa gari la kukodi. Dereva alikuwa kijana wa kutoka Masinya, mkulima wa mihogo siku ambazo haendeshi, na alikuwa na maoni kuhusu kila ugonjwa duniani. Nilipomweleza habari za mjomba, alitikisa kichwa. "TB ikirudi mara ya pili, dada, hiyo si ya kucheza." Nilitazama mwamba wa Tororo ukijitokeza mbele. Mwamba ule ni mwongo. Huonekana mapema, ukadhani umefika, ukaanza kukusanya mizigo, kumbe safari bado.

Kisoko nilimkuta mjomba uani anabambua karanga. Kofia ilikuwa ile ile na meno yale yale ya utani, ila suruali alikuwa ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani, na kitambaa kimejikunja kama shingo ya gunia. Mimi napima watu kwa macho, ndiyo kazi yangu. Nilipiga hesabu ya kiuno kile, nikairudia nikidhani nimekosea.

"Umekuja kunizika?" akaniuliza. "Mimi bado nabambua karanga."

"Nimekuja kuona nani alikushonea suruali hiyo," nikamjibu. "Anatuharibia jina mafundi."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa naye muda mrefu. Kilipomwachilia nilimwambia nataka twende hospitali. Uso ukabadilika.

"Kampala mimi siendi. Watu ya hapa wakienda Kampala, wanarudi kwa sanduku."

"Si Kampala. Ni hapo Tororo mjini."

Ochwo alikuwa amefika, na akaniunga mkono kwa lugha yao ya Kidhopadhola, kwa ukali ambao haukuhitaji kutafsiriwa. Mjomba alibambua karanga tatu nne nyingine kabla ya kutoa uamuzi. "Mimi nalala huko usiku moja. Moja tu. Kesho asubuhi nakuja nyumbani, na hii maneno imekwisha." Mjomba akisema neno la mwisho, huwa ni la mwisho. Nilijua kwamba nimepewa usiku mmoja, na kwamba daktari akituambia turudi mwezi ujao, nitakuwa narudi peke yangu.

Tororo mjini, katika hospitali ambayo sitaitaja jina, alitupokea Daktari Nyafwono, mwanamke mfupi mwenye haraka ya mwendo na subira ya masikio. Hakuanza na mashine. Alimgeuza mjomba, akaweka kiganja mgongoni, akagonga kidole chake mwenyewe kwa kidole kingine, akishuka taratibu. Juu palilia kama debe tupu. Chini, upande wa kulia, palilia kama debe lililojaa.

"Mzee ana maji hapa," akasema. Kisha akaniuliza kama wadudu wa kifua kikuu waliwahi kuonekana katika makohozi yake. Mjomba alijibu mwenyewe kwamba hapana, walitazama picha tu, na picha ilifanana na ya TB.

Daktari alimchoma ganzi, akapitisha sindano kati ya mbavu, na maji ya rangi ya chai ya rangi yakaanza kushuka kwenye chupa. Yalikuwa mengi. Mjomba aliyatazama kwa mshangao wa mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani mwake. Yalipopungua alivuta pumzi hadi mwisho wake, akakaa nayo kidogo, akaitoa.

"Hewa imeingia," akasema.

Nje ya mlango daktari aliniambia bila kuzungusha kwamba anahofia saratani ya mapafu. Nilibisha. Mjomba hajavuta sigara hata moja maishani mwake, na hata moshi wa jikoni huukimbia. "Wako wengi hawakuvuta, na inawapata," akasema. Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo lilinifanya nitake kuiandika safari hii.

Saratani ya mapafu si moja, alisema. Kila seli ya mwili ina jeni, maagizo ya namna ya kukua na mahali pa kukoma. Kwa wagonjwa wengine agizo moja limeharibika mahali panapojulikana, na kwa hao viko vidonge vinavyokwenda kulibana agizo lile lile. Mgonjwa huvimeza nyumbani kwake. Asiye na uharibifu huo vidonge havimsaidii, na itabidi apelekwe Kampala kutundikiwa dawa kali za mshipani. Mimi nilimwelewa kwa njia ya duka langu. Karatasi ya kukatia shati ikiwa imekosewa kwenye kwapa, kila shati litatoka bovu kwenye kwapa, na kushona kwa bidii hakutasaidia. Lazima ulipate lile kosa, na ulipate mapema, kabla kitambaa hakijaisha.

"Kwa hiyo likipatikana kosa, anakwenda nyumbani," nikasema. "Lisipopatikana, ni Kampala. Na Kampala amekataa."

"Na anatupa muda gani?" daktari akauliza.

"Usiku mmoja."

Nilitegemea anigombeze. Alitabasamu. "Moja itatosha. Tuombe Mungu tu kitu iwe ndani."

Alasiri niliruhusiwa kusimama kwenye mlango wa maabara, nione maji ya mjomba yanakwenda wapi. Mtaalamu wa humo alikuwa Bwana Emong, mtu mrefu wa kabila la Wateso aliyekunja mgongo kwa kuinamia darubini. Aliyazungusha maji kwenye mashine hadi mashapo yakatuama chini, akayapaka kwenye vioo vyembamba, akavikausha na kuvitia rangi, kisha akainamia darubini kwa muda mrefu. Aliinuka. Alichukua kioo, akakikwangua kwa wembe mdogo, akatia yale aliyokwangua ndani ya kikasha cha plastiki, na kikasha akakitia kwenye mashine iliyokuwa juu ya meza ya pili. Mashine yenyewe haikuzidi cherehani ya mezani kwa ukubwa.

Nilidhani ameruka hatua. Dukani kwangu mtu akianza kukata kabla mteja hajasema, tunagombana. Nikamuuliza kama daktari alikuwa amemwagiza.

"Sisi tulikubaliana," akasema, akinawa mikono. "Nikiona saratani ya mapafu, siulizi mtu. Naendelea mpaka kwa jeni, siku hiyo hiyo."

Daktari Nyafwono ndiye aliyenieleza kwa nini. Zamani jibu la kwanza lilikuwa kwamba ni saratani. Mgonjwa akaambiwa arudi, akarudi akiwa na nguvu kidogo kuliko mwanzo, akachomwa tena, na kipande kikasafirishwa mbali. Jibu la pili lilipofika, mara nyingine walimpigia simu mgonjwa na ikapokewa na mjane. Siku hizi jibu la kwanza na la pili hutoka chumba kimoja. Nimeona viwanda vya nguo, nimeona fundi anayekata suti bila chaki, lakini meza zile mbili zilizokaribiana nilizistahi kuliko vyote. Subira huvuta heri, wanasema, nami nakubali, ila pafu linalojaa maji halijui methali.

Jioni mjomba alilala, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, bila kukohoa. Mimi sijui kusubiri nikiwa nimekunja mikono. Nilichukua ile suruali yake, nikaitupa kamba ya katani, nikakaa kwenye ukumbi wa wodi mahali penye taa na kuanza kuipunguza kiuno kwa mkono. Kitambaa kilichozidi kilikuwa kingi. Fundi mwenye akili hukikata, maana kikibaki kinafanya mshono uwe mnene na unakwaruza ngozi. Nilikitia kwenye mdomo wa mkasi. Kisha nikauondoa. Nilikikunja ndani chote, nikashona juu yake, na mshono ukawa mbaya kuliko wowote niliowahi kumkabidhi mteja.

Asubuhi nilimkuta amevaa, viatu miguuni, kitanda amekitandika, kofia kichwani. "Usiku moja imekwisha," akaniambia. "Nakwenda nyumbani." Nilimwomba anywe chai kwanza. Nilimwomba atafute Biblia yake, ambayo ilikuwa mfukoni mwake na sote wawili tulijua. Tulikuwa tumeishiwa na visingizio daktari alipoingia, na Bwana Emong nyuma yake, ingawa kazi ya Bwana Emong haimtaki aje wodini.

"Mzee, hii si TB," daktari akaanza, akavuta kiti. "Ni saratani ya mapafu. Na ile kosa kwa jeni, ile tulikuwa tunatafuta, tumeipata."

Mjomba alifikiri. "Hiyo inasema Kampala?"

"Inasema nyumbani. Na kidonge, kila siku."

Nililia pale pale, na sioni haya kusema hivyo. Daktari hakutudanganya. Vidonge haviing'oi saratani, alisema. Huizuia, na kwa wengi huizuia kwa muda mzuri, na siku vikishindwa watatafuta njia nyingine. Mjomba lazima arudi kuangaliwa, ngozi inaweza kumwasha na tumbo kumsumbua, na pombe aache. Hapo pa pombe mjomba aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Na hii saratani, mtu anaweza kuambukiza mwenzake?"

"Hapana, mzee. Hata kidogo."

"Sema tena," akasema, akininyooshea kidole, "huyu mtoto asikie vizuri."

Kisoko jioni tulifika kwa Ochwo wazee wakiwa wameshakaa kwenye chungu. Mjomba alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha pembeni, akaniachia mimi kuzungumza. Niliwaeleza kwa Kiswahili, na Ochwo akatafsiri kwa asiyenielewa: haikuwa TB, haikuwa ya kuambukiza jana, na haitakuwa kesho. Ochwo aliinuka akaingia ndani, akatoka na mrija uliokuwa ukutani, akaumwagia maji ya moto, akautumbukiza kwenye chungu. Kisha, mbele ya wote, akainama na kuvuta malwa kwa mrija wa mjomba wangu. Alivuta kwa muda mrefu. Akaufuta mdomo wake kwa kiganja, mrija hakuufuta.

"Kuja," akamwambia. "Unakaa huko kama mgeni?"

Mjomba alisogeza kiti. "Daktari amekataza mimi kunywa," akasema. "Lakini wacha ikae hapo." Mrija ukakaa, na yeye akakaa nyuma yake, akawasimulia jinsi maji yalivyojaza chupa, na kila aliposimulia chupa ilizidi kuwa kubwa.

Busia nilirudi kwenye rundo la sare na wazazi wenye hasira. Nilichojifunza ni kidogo, nacho nakitunza. Zamani niliamini kwamba kazi nzuri haina haraka. Sasa najua kuna haraka ambayo ni heshima, haraka ya watu waliokubaliana mapema nani atafanya nini, ili mzee mkaidi asipotezwe kati ya jibu la kwanza na la pili.

Miezi michache imepita. Juzi simu ililia nikiwa na kaptula ya mtoto chini ya sindano. Alikuwa mjomba, na alianza kunigombeza bila salamu, maneno marefu, mfululizo, bila kikohozi katikati. Nilimwacha agombe kwa sababu nilikuwa nasikiliza pumzi.

"Nafula, hii suruali ulifanya nini? Inabana. Mimi siwezi kukaa kanisani."

"Chukua wembe, mjomba, ufungue mshono wa nyuma. Kitambaa kiko ndani chote."

Nilisikia vidole vyake vikipapasa kiunoni.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, mjomba," nikamwambia. "Nilikuachia nafasi."