Lebo ya Kijani ya Mwanatumu

Saa mbili asubuhi sokoni Ramisi, na Mwanatumu Chirau hamtazami mteja usoni. Anatazama koti alilovaa.

"Hebu geuka, mwanangu. Nione ukosi."

Nzai Kalama, mkata miwa, amezoea. Anageuka na kuinamisha shingo. Mwanatumu anafungua fundo la leso yake, anatoa kijitambaa cha kijani, anakilinganisha na vitundu vya sindano ndani ya ukosi. Hakienei.

"Haya baba, nenda kwa salama," anasema kwa sauti iliyochoka.

Majani ya muwa huchana ngozi, ndiyo maana wakataji huvaa makoti juani. Mwanatumu huwauzia makoti makuukuu yajayo kwa marobota kutoka Mombasa. Watu huyaita kafa Ulaya, wakiamini wenye makoti walikufa huko, na kinachowatisha zaidi ni lebo.

"Wanadhani pameandikwa jina la maiti," anaeleza mjane huyu. "Mimi kusoma sijui, lakini kwa rangi na nakshi ya lebo huijua sufu nzito na nyepesi. Nikishaijua, naikata, ndipo naliuza koti."

Lebo moja tu hakuikata. Miaka mitano iliyopita, mwaka 1951, mwanawe wa pekee, Kibwana, alipata kazi ya kuchochea makaa melini. Mama alimchagulia koti jeusi lenye lebo ya kijani, akaishindilia kwa mishono mitatu ya uzi mwekundu, iwe alama, mwanawe asigombanie koti na wenzake. Salamu zake zilifika mwaka mmoja, kisha kimya.

Mwezi wa Rajabu uliopita, siku ya mshahara, wateja walimzonga. Alikata lebo huku akibishana bei, bila kutazama. Alasiri, akizoa vipande avichome moto, akaiona ya kijani. Mishono mitatu myekundu ilikuwa ingali juu yake.

"Koti la mwanangu lilipita mikononi mwangu nikaliuza," anasema, machozi yakimtoka. "Na bei nikapunguza!"

Nani alilinunua, hakumbuki. Tajiri wa Mombasa anayemuuzia marobota naye anasema huchanganywa, hajui lilitoka wapi. Na makoti yote ya Ramisi yana vitundu ukosini. Aliyevitia ni yeye mwenyewe.

Sasa hakati lebo tena, na wateja wamemkimbia. Asubuhi yote hii hajauza hata kizibao.

Kaka yake, Matano, anataka hitima isomwe. "Dada, kijana ametangulia. Tumsomee apumzike."

"Umsomee nani, kaka? Mimi nina kijitambaa tu," Mwanatumu anamjibu. Kisha anamgeukia mwandishi: "Nataka nilione lile koti. Likiwa na tundu la kisu, nitajua. Likiwa limechakaa tu, basi labda aliliuza kwa njaa, naye yu hai."

Mwezi ujao msimu wa kukata miwa utakwisha, na wakataji watatawanyika, wengine hadi ng'ambo ya Lunga Lunga. Siku ya mwisho Mwanatumu atasimama langoni mwa shamba, aombe kuona kila ukosi. Akikosa, amemwahidi Matano, hitima itasomwa.

Na akilipata?

Anakikunja kijitambaa, anakirudisha ndani ya fundo la leso.

"Nitaishona lebo mahali pake. Akirudi, asije akagombana na mtu."