Magreth na Shingo ya Mbeba Mzigo

Daftari la mazoezi la chuo chetu cha sanaa linakaa kwangu. Ndani yake naandika tarehe, saa ya kuanza, nani kafika, nani kachelewa, na kitu gani kimebadilika jukwaani. Funguo za stoo ya vifaa ninazo mimi pia. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa, na wanafunzi wengi wamepita katika madaftari yangu kama majina na saa tu. Magreth Abel amechukua kurasa thelathini na mbili. Naona ni haki yake wengine nao wakajua zilijazwa na nini.

Alizaliwa Turiani, kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na mashamba ya miwa. Baba yake, Abel, alitoka Kasulu akiwa kijana kuja kukata miwa, akaoa hukohuko na hakurudi. Mama yake, Ester, alikuwa akiuza uji kando ya njia iendayo mashambani. Magreth alikaa naye pale kila asubuhi kabla ya shule. Wakata miwa walipita ukungu ukiwa haujaondoka, kwa hiyo alijifunza kuwatambua kwa mwendo kabla hajaona sura. Huyu bega la kulia limeshuka kwa ajili ya panga. Yule anakanyagia ukingo wa mguu, alijikata mwaka jana.

"Mama, mimina vikombe vitatu. Anakuja Tomasi na wenzake," alikuwa akisema, na mama yake anamimina kabla wateja hawajatokea. Jioni aliwaigiza uani, na wakata miwa wenyewe walikuja kujitazama.

Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho chuoni. Mchezo wa kumalizia masomo waliutunga wanafunzi wenyewe pamoja na mwalimu wao, Alois. Hadithi yake ni fupi. Bibi mmoja wa Kiluguru anashuka kutoka mlimani na kapu la ndizi na magimbi, anampelekea binti yake anayeishi mjini. Anakuta mlango umefungwa. Anasema maneno marefu mbele ya mlango ule, halafu binti anatokea nyuma yake na kumwita. Maneno hayo ya mlangoni huchukua dakika kumi, na mchezo wote unasimama juu yake. Bibi alikuwa Magreth. Binti alikuwa Asha, ambaye kwao ni Kinole, milimani kabisa.

Mwalimu Alois ana utaratibu wake. Wiki mbili za kwanza hagawi karatasi za maneno. Kila mwanafunzi anatafuta mwili wa mtu wake: anakaaje, anapumuaje, anaanza na mguu gani. "Mwili kwanza," husema, "maneno yatakuja yenyewe yakikuta mwenye nyumba yupo."

Jumatatu ya tarehe 12 Mei, saa nane na robo, Magreth aliingia jukwaani kama Bibi. Aliinama mgongo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kapu kichwani, mguu ukiburuta. Alipotua kapu akakohoa.

"Jamani, huyo bibi wa wapi?" Asha aliuliza kutoka kwenye benchi. "Huyo ni mzee wa kwenye vichekesho vya TV."

"Bibi si anazeeka?" Magreth alijibu.

"Anazeeka, lakini hajavunjika. Kwa mwendo huo hata Bigwa, hapo chini ya mlima, hafiki. Mtu wa miwa wewe, mlima utaujulia wapi?"

Darasa likacheka. Mwalimu Alois hakucheka. Alimwambia Asha apite yeye, na Asha akapita, mara moja tu, bila kujiandaa. Niliandika: *Asha bora.* Ndivyo ilivyokuwa.

"Magreth," mwalimu alisema, "nakupa mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Siku hiyo nitawatazama wote wawili, na atakayekuwa Bibi ni mmoja. Viti vya mbele siku ya onyesho tumewawekea akina mama wanaoshusha ndizi kutoka mlimani. Siwezi kuwaletea bibi ambaye hawamfahamu."

Magreth akiikosa nafasi hiyo angepewa kazi ya kuvuta pazia. Alijua, sote tulijua. Baada ya mazoezi alinifuata stoo.

"Shikamoo, mzee Mwinjuma."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Kapu la Bibi."

Nikampa. Lilikuwa limejazwa magazeti, na juu yake ndizi chache za kupambia. Alilinyanyua kwa vidole viwili, akalitazama.

"Hili ndilo linalonidanganya," alisema. "Nikitoa magazeti utanisema?"

"Toa. Ila nitaandika."

Akatia mihogo, akazunguka nalo uani hadi shingo ikamuuma. Kesho yake alikuja akitembea kama mtu mwenye shingo inayouma, si kama bibi. Mwenyewe aliliona hilo. Akaanza kuamka alfajiri na kwenda sokoni kuwatazama akina mama wakifika na mizigo. Mmoja alimvutia kuliko wote: Bi Shakila, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, ambaye hufika bila kuhema. Siku tatu Magreth alisimama karibu na nguzo akimtazama. Siku ya nne yule mama akamgeukia.

"Wewe binti, mimi si luninga. Kama hununui ndizi, sema unachotaka."

Magreth akamwamkia, akaeleza habari ya mchezo, na Ijumaa, na Asha.

"Kwa hiyo unataka kuwa mimi."

"Nataka kutembea kama wewe, bibi."

"Basi umekosea mahali pa kukaa. Hapa sokoni mimi nimeshafika. Kutembea kwangu kunaanzia juu."

Walikubaliana Jumanne, tarehe 20. Kapu ni mali ya chuo na halitoki nje bila mimi, kwa hiyo nilipanda na Magreth. Kwa Bi Shakila tulifika jua likianza kugusa migomba. Alimtilia Magreth kapuni mikungu miwili midogo ya ndizi na magimbi, akasokota kanga kuwa ngata ya kukalia kapu kichwani, akamwita jirani yake, na wanawake wawili wakamtwisha. Niliona magoti ya Magreth yakitafuta mahali pa kukaa.

"Usilishike kapu kama linataka kukimbia," Bi Shakila alimwambia. "Wewe kaa tu chini yake."

Tukaanza kushuka. Bi Shakila na mzigo wake mbele, Magreth katikati, mimi nyuma na daftari. Niliandika pale njia iliponiruhusu. Vidole vya miguu vinatangulia. Magoti hayanyooki kamwe. Kiuno kinafanya kazi yote, shingo haifanyi kitu. Macho yanatazama mbele, mawe yanasomwa na nyayo.

Kwenye kona moja tulikutana na mzee mmoja anaitwa Hashimu, anapanda na jembe begani. Magreth amelelewa vizuri. Aliposema "Shikamoo, babu," aliinamisha kichwa, kama alivyofundishwa na Ester tangu anajua kusema. Kapu likaondoka. Ndizi zikamwagika njiani, na magimbi yakabiringika bondeni moja baada ya lingine, hatuyaoni, tunayasikia tu.

Mzee Hashimu alingoja hadi la mwisho liliponyamaza.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Na magimbi nayo marahaba. Yameinama kuliko wewe."

Magreth alijifunika uso kwa viganja. Bi Shakila, na mzigo wake kichwani, akamgeukia mzee, akakunja magoti kidogo tu, kapu lisitikisike, akamwamkia. Halafu akamwambia Magreth, "Ukiwa na mzigo, heshima iko gotini. Kichwa si chako, ni cha kapu."

Tukaokota vilivyookoteka, mimi na mzee Hashimu tukamtwisha tena. Hakuangusha tena kitu. Njia nzima aliwaamkia wazee watano, nimewahesabu, wote kwa magoti.

Kwenye sehemu ya kupumzikia kuna kingo za udongo za kimo cha bega, mtu anasogea na kutelezesha kapu juu yake bila kuinama. Hapo Magreth aliuliza.

"Bibi, na mjini? Mjini hakuna kingo. Ukifika kwa mtu ukakuta hayupo?"

"Nasimama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka apite mtu anitue. Kujitua peke yako na kapu kama hili ni kutafuta kuvunja shingo. Na anayepita anajua. Huwezi kumwona mwenzako na mzigo ukampita hivihivi."

Wakarudisha makapu kichwani, tukashuka hadi sokoni. Tulipofika, watu waliwatua wote wawili. Bi Shakila alikuwa anajifuta jasho, kichwani hana kitu, mwanamke mmoja akamwita kutoka nyuma. Bi Shakila hakugeuza shingo. Aligeuka kuanzia miguuni, mzimamzima, kama kapu bado lipo.

Magreth akanitazama. "Umeandika?"

"Nimeandika."

Ijumaa alipita Asha kwanza, na alikuwa mzuri kama mwanzo, wala hakuzidi. Akafuata Magreth. Kapu lilikuwa na magimbi ya kweli. Mwalimu alikuwa ameshagawa maneno kufikia siku hiyo, na karatasi inasema Bibi anafika mlangoni, anatua kapu, anaketi kizingitini, anaanza kusema. Magreth alifika mlangoni, akabisha, akangoja. Hakutua. Akaanza kusema amesimama vilevile.

"Tua kapu ukae," mwalimu alisema.

"Hawezi, mwalimu. Hakuna wa kumtua."

"Dakika kumi umesimama na mzigo? Watu watachoka kukutazama."

"Na yeye amechoka."

Mwalimu Alois alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikajua anatafuta namna ya kukataa bila kumuumiza. Kabla hajasema, Asha alinyoosha mkono.

"Ni kweli, mwalimu. Mama yangu mkubwa aliwahi kutukosa nyumbani. Nilirudi kutoka shule nikamkuta kasimama mlangoni na mzigo wake. Sijui alikuwa kasimama tangu lini. Nilikuwa nimeshasahau."

"Asha, unajua unachokisema? Nafasi hii inaweza kuwa yako."

"Najua. Lakini shingo yangu mimi ni ya kubebea mkoba." Akamgeukia Magreth. "Ila usijisifu, mtu wa miwa. Habari ya magimbi imeshafika hapa."

Mwalimu alimwachia Magreth nafasi na akamwachia kusimama, lakini alisema wazi kwamba haamini. "Tutajua siku yenyewe," alisema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 31, saa kumi jioni. Ukumbi ulijaa. Akina mama kumi na wanne kutoka mlimani walikaa viti vya mbele, Bi Shakila wa tatu kutoka kushoto, amekunja mikono. Abel na Ester walikuwa wamefika kutoka Turiani, wamekaa karibu na mlango. Mimi nilikuwa pembeni ya pazia na saa yangu.

Magreth aliingia. Vidole vya miguu kwanza. Akapita mwanafunzi anayeigiza mzee, akamwamkia kwa magoti, na viti vya mbele vikatoa sauti ndogo, kama watu wanaokubali jambo bila kufungua midomo. Akafika mlangoni. Akabisha. Hakuna jibu. Akaanza maneno yake, na kapu kichwani.

Dakika ya kwanza nilisikia watu wakijisogeza vitini. Ya tatu, ukumbi ulitulia. Ya nne, jasho lilianza kumshuka shingoni, na lilikuwa la kweli. Mwalimu Alois alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Dakika ya sita mwanamke mmoja wa viti vya mbele, simjui, alikuwa amevaa kitenge cha kijani, aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Alipanda ngazi za jukwaa.

"Bibi, ngoja nikutue," alisema.

Watu wengine walicheka, kisha wakanyamaza. Nilimtazama Magreth. Kama angeshtuka, kama angegeuka kutafuta macho ya mwalimu, Bibi angekufa palepale. Alishuka kwa magoti, polepole, shingo imenyooka, mpaka mikono ya yule mama ikalifikia kapu. Wakalishusha pamoja hadi chini.

"Ahsante, mwanangu," alisema kwa sauti ya Bibi. "Unakaa nyumba ipi?"

"Mimi? Nimekaa hapo mbele tu."

Ukumbi mzima ukacheka, na Magreth akangoja kicheko kiishe, kama bibi anayengoja mvua ipungue. Yule mama akarudi kitini kwake, hana aibu hata kidogo. Magreth akaendelea na maneno yalipoishia. Hakuketi. Alisema yaliyobaki akiwa wima, mikono haijui pa kukaa kwa sababu kapu halipo, lakini shingo bado imelibeba.

Asha akatokea nyuma yake. "Mama."

Magreth akageuka kuanzia miguuni, mzimamzima.

Hakuna aliyepiga makofi hapo. Nilimwona Bi Shakila akigusa shingo yake mwenyewe kwa vidole, kama anayehakikisha ipo. Makofi yalikuja mwishoni, na Abel alipiga amesimama, bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Mwalimu Alois alinijia pembeni ya pazia, akaniomba kalamu, akaitazama, akanirudishia bila kuandika kitu.

Bi Shakila alimkuta Magreth kwenye ngazi. "Goti la kushoto bado gumu," alimwambia. "Njoo Jumanne."

"Nitakuja, bibi. Shikamoo."

Aliinama hadi chini, kwa kuwa sasa hakuwa na mzigo.

Kila baada ya onyesho mimi huandika ukurasa wa kasoro, mistari kumi au zaidi, ili mwalimu arekebishe. Siku ile niliandika hivi: *Dakika ya sita, mgeni alipanda jukwaani kumtua Bibi. Kapu halikuanguka. Hakuna la kurekebisha.*