Niliapa Kwamba Delphine Hajui Kusoma

Mtoto wa mdogo wangu alitolewa kwa mama yake kwa sababu ya karatasi moja tu.

Karatasi hiyo niliiandika mimi.

Msianze kunishambulia. Nisomeni mpaka mwisho, halafu semeni mtakavyo. Nitastahili.

Naitwa Jolene. Nafundisha darasa la kwanza huku kaskazini kabisa mwa Maine, Marekani, kwenye mashamba ya viazi. Ukivuka mto tu, uko Kanada. Nina miaka ishirini na mbili kazini. Hapa mjini kijana yeyote unayemwona akisoma gazeti, uwezekano mkubwa alianzia kwangu.

Isipokuwa Delphine.

Mama yake, Corinne, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anafuga mbuzi, anatengeneza sabuni za maziwa, anauza sokoni Jumamosi. Alipoachana na mumewe, Gerard, mtoto alikuwa na miaka mitano. Akaniambia, "Dada, huyu simpeleki shule. Nitamfundisha nyumbani."

Nikacheka. "Utamfundisha nini, na wewe mwenyewe shule ilikushinda?"

Ndiyo. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu.

Corinne alichelewa sana kusoma. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu alikuwa anamsimamisha mbele na kitabu, darasa zima linacheka. Siku moja akajikojolea pale pale. Mimi nilikuwa darasa la saba, shule hiyo hiyo. Wenzangu walipoulizana ni mtoto wa nani yule, nilinyamaza.

Basi, Delphine akafika miaka sita. Hajui kusoma.

Saba. Hajui.

Minane. Hola!

Lakini mtoto hakuwa mjinga, nisiseme uongo. Alijua mbuzi yupi atazaa wiki hii. Alipima mafuta ya sabuni bila kukosea. Ndege akilia msituni anakutajia jina. Na kila siku, wakishamaliza chakula cha mchana, Corinne alikuwa anamsomea saa nzima, mtoto kajilaza miguuni kwake.

"Sasa mbona humfundishi asome mwenyewe?"

"Atasoma siku yake ikifika, dada. Simkimbizi."

"Siku yake itafika akiwa bibi?"

Corinne alikuwa anatabasamu tu. Lile tabasamu lilikuwa linanichoma, acha tu.

Na niseme ukweli wote. Kilichoniuma zaidi hakikuwa mtoto. Ilikuwa ofisi ya walimu. "Jolene, vipi yule wa kwenu, bado anasomewa?" Halafu kicheko. Mwalimu wa kusoma, mtoto wa mdogo wake hajui kusoma. Nilijiona nimevuliwa nguo.

Delphine alipotimiza miaka tisa, Gerard akanipigia simu. Anaishi Portland, saa tano kwa gari.

"Shemeji, nataka kumchukua mwanangu. Wakili anasema neno lako wewe mwalimu litamaliza kazi."

Sikuomba hata siku moja ya kufikiria.

Nikaandika: "Delphine ana miaka tisa. Hajui kusoma hata sentensi moja. Kwa maoni yangu kama mwalimu, mtoto huyu ametelekezwa kielimu." Chini yake nikaweka kiapo, kwamba yote ni kweli, na kwamba najua kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Nikatia saini.

Wito wa mahakama ulipomfikia Corinne, alikuja kwangu na mabuti yake ya zizini.

"Ni wewe?"

"Nafanya kwa faida ya mtoto."

Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nilikuwa nataka kukuomba wewe ndiye unitetee." Akageuka, akaondoka.

Mwezi wa sita mahakama ikatuma mtaalamu, mama mmoja mpole. Akakaa na Delphine dakika arobaini. Akampa vitabu vya watoto wadogo, akampa kadi zenye maneno ya herufi tatu. Kwa kila kitu mtoto alijibu neno moja.

"Sijui."

Hata alipoonyeshwa jina lake mwenyewe limeandikwa. "Sijui."

Kesi ikaisha hapo. Hakimu akaamua mtoto akaishi na baba yake, aanze shule mwezi wa tisa.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Corinne alikuwa anafunga zipu ya begi, inafika katikati inakwama, anarudia, inakwama. Delphine hakulia. Alinikumbatia, akaninong'oneza, "Usijali, mamkubwa. Hakuna kitakachokupata."

Nikaona maneno ya kitoto tu. Nikapita.

Wiki ya pili tangu shule ifunguliwe, Gerard akapiga, sauti juu. "Shemeji! Anasoma kama maji! Mwalimu wake haamini!"

Jamani, nilitamba. Kesho yake ofisini niliwatangazia wote. Wiki mbili! Wiki mbili tu za shule! Miaka minne nyumbani, sifuri!

Mwezi wa kumi na moja Delphine akaja kwa Sikukuu ya Shukrani. Baba yake alimshusha kwangu asubuhi, mchana nimpeleke kwa mama yake. Tukakaa jikoni tunamenya viazi.

Nikamuuliza kwa mbwembwe, "Haya niambie, mwalimu gani huyo fundi aliyekufundisha?"

"Hakuna. Nilikwenda najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano. Ile siku ulinipeleka kwa daktari wa meno, ukaingia duka la dawa, ukaniacha kwenye gari. Kulikuwa na karatasi kwenye kiti. Nikaona jina langu. Halafu nikaona neno la pembeni yake, nikalijua. Na linalofuata. Yakaja tu yote, mamkubwa. Sijui yalikujaje."

Kisu kikanitoka.

Akaendelea kumenya, hata haniangalii. "Neno moja tu lilinishinda. 'Ametelekezwa.' Nilimuuliza mama, sikumwambia nimelionea wapi. Akasema ni pale mtu anapomwacha yule anayetakiwa kumtunza. Nikajisemea, mbona mama hajaniacha?"

"Delphine. Yule mama wa mahakama alipokupa vitabu... kwa nini hukusoma?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu kilicho wazi.

"Si uliapa sijui kusoma? Na chini uliandika kwamba ukidanganya ni kosa. Ningesoma, wangekufunga."

Miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa.

Nilimpeleka kwa mama yake. Delphine alipokimbilia kwa mbuzi, nilianza kumweleza Corinne, nimesimama mlangoni. Aliposikia mtoto alijua tangu mwezi wa tano, uso wake uliwaka furaha. Sijawahi kuona uso kama ule. "Alisoma mwenyewe? Bila mtu?"

"Mwenyewe."

"Alisoma nini?"

Nikamwambia alichosoma.

Akakaa chini, sakafuni pale pale. "Aliniuliza lile neno nikiwa nakamua," akasema. "Nikamjibu huku nacheka." Halafu akasema, "Nenda, dada."

Nilirudi mahakamani. Niliapa upya, nikaeleza yote, nikasema mtoto alisoma akiwa mikononi mwa mama yake. Hakimu alinisikiliza vizuri. Lakini akasema mtoto ameshazoea, ana shule, ana marafiki, hatamhamisha tena. Corinne akaongezewa likizo na majira ya joto. Basi.

Delphine sasa ana miaka kumi na miwili. Anaongoza darasani. Gerard anasema kitu kimoja hakielewi: ukimpa kitabu cha hadithi anakisoma akiagizwa tu, akimaliza anakiweka. Huko hakuna mtu wa kumsomea, na yeye haombi.

Corinne hajawahi kunitukana. Tukikutana sokoni ananisalimia, ananifungia sabuni, ananipa chenji. Hajaniita dada tangu siku ile.

Ninachowaachia ni hiki. Nilimwona mtoto yule kila Jumapili kwa miaka tisa. Nilimlinganisha na watoto wa watu, nikamwonea aibu, nikamwandikia karatasi. Hata siku moja sikukaa naye nikamuuliza anaendeleaje na maneno yake. Kabla hujasema mtoto wa mwenzako kachelewa, muulize mtoto. Mimi angeniambia. Alikuwa ananipenda kiasi hicho.