Shamba la Wiebke Kando ya Tanganyika

Mmenisumbua tangu Jumapili niandike habari ya Wiebke Thiessen, kana kwamba kabichi zangu zitajikata zenyewe. Haya. Kalamu yangu nzito, mtanivumilia.

Wiebke alikuwa mjane hapa kijijini kwetu Holstein, Ujerumani. Wanawe wawili walikwisha kufa Ufaransa katika Vita Kuu. Alibaki Harm, naye yumo mahandakini hukohuko. Hakutaka kingine duniani ila Harm arudi.

Mwaka wa tatu wa vita, wakubwa Berlin wakaanza kuzungumza amani: vita viishe, kila mtu abaki na chake. Mwalimu Carstens akapita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kuipinga. Shuleni alikuwa amebandika ramani ya Afrika, kaipaka rangi yetu kutoka bahari hata bahari. Aliyetia sahihi alichomeka pini mahali atakapopewa shamba tukishinda.

"Mama Thiessen, amani hii itamrudisha Harm kwenye matope yaleyale ya hapa kijijini," akasema. "Ngoja kidogo, arudi awe mwenye shamba."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka Pasaka."

"Na hapo kwenye pini, sasa analima nani?"

"Hao hao watakulimia wewe!"

Wiebke akacheka, Mungu amsamehe. Akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi nje. Pini akaichomeka kando ya ziwa Tanganyika.

Harm aliuawa wiki moja kabla ya Pasaka.

Novemba tukashindwa, na makoloni yakaenda. Wiebke akafunga kilemba, akaenda shuleni. Ukutani, palipokuwa na ramani, pana picha ya ng'ombe.

"Mwalimu, shamba sitaki. Nirudishie jina langu."

"Jina gani tena, mama? Karatasi zilishachomwa. Sote tulidanganywa."

"Sote? Gustav wako alikuwa wapi?"

Gustav, mwana wa mwalimu, alikuwa karani wa stoo ya jeshi kule Kiel, mbali na mahandaki, karudi na kitambi.

"Mimi nilimzuia Harm asirudi," Wiebke akasema, "kwa mkono huu. Na wewe ndiye uliyenishikia karatasi isiteleze."

Hajamwamkia tena, hata kanisani. Watu husema ana kinyongo. Mimi naona kinyongo chenyewe bado kidogo.

Nawe uliyesoma, pole zako sizitaki. Mwendee aliyekuletea karatasi ya mwisho ukaitia sahihi, umuulize mwanawe yuko wapi. Kisha uje uniambie alivyojibu.